Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Mke wangu Priscilla husema hata mkunga aliyenipokea nilimgombeza. Lakini siku ile ya Aprili, mwaka elfu mbili na nne, daktari wa macho alipotueleza habari za mama mkwe wangu, sikupata wa kumgombeza. Ugonjwa hausikii matusi.

Mama Teresia alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikuja London mwaka tisini na moja kutoka Bungoma, akapanga chumba Kilburn, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu majumbani mwao. Akamleta Priscilla, Priscilla akaniita mimi, tukaoana, tukapata flati Woolwich, orofa ya tatu. Sasa presha ya macho ilikuwa imemla polepole kuanzia pembeni, naye kimya, asimwambie mtu, mpaka mabasi mawili yalipokaribia kumgonga Kilburn High Road kwa sababu yalitokea upande asiouona. Mbele tu ndiko alikoona, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alisema bomba nalo litaziba. Labda mwaka, labda pungufu.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Priscilla alilia jikoni kwetu. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza, baada ya miaka mitano ya kungoja na kuombewa na kila mchungaji wa Woolwich. Mama yake akamwambia anyamaze, machozi hayaponyi jicho. Akasema kabla macho hayajafunga anataka kitu kimoja tu. Anataka kwenda Ufaransa kupanda baiskeli.

"Ala!" nikasema.

Nilisema nikiwa chumbani, mlango umefungwa, maana ndiko nilikokaa kila mama mkwe alipotutembelea. Na hapo nieleze. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hukwepa. Si chuki, jameni, ni heshima. Mtu aliyekuzalia mke huwezi kukaa ukamkodolea macho. Kule nyumbani mambo ni rahisi, kuna uwanja, kuna njia ya nyuma ya boma. Flati ya Woolwich haina njia ya nyuma. Miaka mitano nilikula chakula changu cha Jumapili nimeketi kitandani, sahani magotini, na mara mbili nilikula kwenye ngazi, jirani akadhani nimefukuzwa na mke. Tulisalimiana kupitia mlango. Hata siku ya harusi Mama alitazama sakafu ya ofisi ya msajili mwanzo mpaka mwisho, nami nikatazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi.

Hiyo Ufaransa ilitoka kwa Bibi Margaret, mzee wa Kiingereza ambaye Mama alimwogesha miaka sita mpaka akafariki. Kila asubuhi, akiwa ndani ya maji, bibi huyo alisimulia safari ile ile aliyoifanya kwa baiskeli kusini mwa Burgundy. Huko zamani palikuwa na reli. Treni zikakoma, Wafaransa wakang'oa vyuma, wakamwaga lami nyembamba, wakapiga magari marufuku. Sasa ni njia ya baiskeli na waendao kwa miguu, kilomita nyingi katikati ya mashamba. Na kwa kuwa treni haipendi mlima, njia yenyewe haina mlima. Vituo vya treni bado vipo, ukifika unakunywa kahawa.

"Hakuna gari la kutokea pembeni," Mama akamwambia Priscilla. "Macho yangu yaliyobaki yanatosha njia ya namna hiyo."

Tatizo ni kwamba hangeweza kuendesha peke yake. Alihitaji baiskeli ya watu wawili, na mtu wa kukaa mbele. Priscilla na tumbo lake haiwezekani. Na katika ukoo mzima uliopo Uingereza, mtu aliyeishi juu ya baiskeli miaka sita alikuwa mmoja tu, mimi, Albert wa boda boda, niliyekuwa nikivusha watu na magunia kwenye mpaka wa Busia kabla sijajua London iko upande gani.

Mama ndiye aliyekataa kwanza. "Nipande baiskeli na mkwe wangu? Nitamwambia nini kaka yangu?" Kaka yake, Mzee Makokha, ndiye mkubwa wa ukoo. Basi nikanunua kadi ya simu nikampigia Bungoma, Priscilla amesimama kando yangu.

"Baiskeli ina viti viwili?" mzee akauliza.

"Viwili, Mzee."

"Mnatazamana?"

"Hapana. Yeye yuko nyuma, anaona mgongo wangu."

"Anakushika kiuno, kama abiria wako wa Busia?"

"Hapana, Mzee! Ana usukani wake wa kushika."

Akakohoa. Nilisikia kuku wakilia huko aliko. "Mgongo si uso," akasema. "Mwende. Lakini Albert, sikia. Usimwamuru. Ukimwambia mama mkwe kaa, ukimwambia shuka, umemfanya mtoto wako. Mwacha mila ni mtumwa. Na mkono mtupu haulambwi, siku ukija nyumbani uje na..." Kadi ikaisha. Mpaka leo sijui nije na nini, ingawa nahisi ni blanketi.

Baiskeli tuliipata Queensbury kwa Vijay, Mhindi mzaliwa wa Kisumu mwenye karakana ya baiskeli huko. Alipoitoa, ndefu, ya kijani, akanikonyeza.

"Hii ni ya wapendanao, bwana. Unampeleka bibi?"

"Nampeleka mama mkwe."

Vijay akaketi juu ya boksi la tairi. "Salaale! Na wazee wanajua?"

Nilimpenda mtu huyo hapo hapo. Akatuazima na gari lake la mizigo pia.

Mazoezi tulifanyia Thamesmead, Jumamosi asubuhi, kwenye njia ya kando ya mto ambako magari hayafiki. Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Boda boda ana sheria moja, abiria hakanyagi. Kazi ya abiria ni kukaa na kutulia. Mimi nikaondoka kama nilivyokuwa nikiondoka Busia nikiona askari wa forodha. Kumbe pedeli za baiskeli ile zimeunganishwa! Nikikanyaga mimi, na miguu yake inazungushwa, apende asipende. Mama akapiga nduru, tukayumba, tukasimama kwenye nyasi.

"Priscilla," akasema akihema, "mwambie mume wako mimi si gunia la mahindi."

"Albert, Mama anasema yeye si gunia la mahindi."

"Nimesikia!"

"Mama, anasema amesikia."

"Kama amesikia, mbona hajaomba msamaha?"

"Mnisamehe, Mama," nikasema, kwa wingi kama inavyotakiwa, nikiyatazama maji ya Thames.

Lakini baiskeli ya watu wawili haiendi bila amri. Lazima wa mbele aseme tuanze, aseme punguza, aseme simama, la sivyo mmoja anavuta huku na mwingine kule. Nami amri nimekatazwa. Priscilla alijaribu kutembea kando yetu akipeleka maneno, tumbo mbele, kama karani wa mahakama, akachoka kabla ya mita mia. Ndipo Mama akatoa shauri: kengele. Ikilia mara moja, tuanze. Ikilia mara mbili, tusimame.

"Kengele si mtu," akasema. "Kengele haina mama mkwe."

Basi tukaanza kuelewana. Ajabu ni kwamba unaweza kumjua mtu kwa miguu yake. Niliisikia kwenye pedeli. Akiwa na furaha alikanyaga mfululizo, akiwa na mawazo alikanyaga kwa kusita, na tukikaribia mwisho wa njia alikanyaga kwa nguvu kuliko mimi, hataki tugeuze. Miaka mitano nilikuwa nimemheshimu mwanamke huyu kupitia mlango. Sasa nilimpenda, nasema wazi, kama mama yangu mwenyewe aliyenizaa. Priscilla akimuuliza macho yanaendeleaje, alijibu, "Yapo."

Tuliondoka wiki ya mwisho ya Juni. Mimi na Priscilla mbele ya gari la Vijay, Mama nyuma na baiskeli yake, shuka imetundikwa katikati kama pazia. Dover, meli, kisha barabara ndefu za Ufaransa ambako nilipotea mara nne na kumlaumu Priscilla mara tano. Asubuhi ya pili tukafika. Mpango ulikuwa Priscilla achukue gari atangulie kwenye kituo cha zamani kilicho mbele, atungoje, tule, kisha atangulie tena.

Haki ya Mungu, Bibi Margaret hakudanganya. Njia imenyooka mpaka unaona haya kukanyaga, miti imeinama huku na huku, na honi hata moja hakuna. Kilichosikika ni mnyororo na ndege. Mama aligeuza shingo kulia na kushoto, kwa sababu asipogeuka haoni ila mgongo wangu, na kila alichokiona alikitaja. Hakuniambia mimi. Aliuambia upepo.

"Ng'ombe weupe."

"Nawaona," nami nikauambia upepo.

"Mizabibu. Mistari mistari kama kichwa kilichosukwa."

"Naam."

"Mama mmoja anaanika shuka. Ana haraka, mvua iko karibu nini?"

"Labda ana wageni."

Akacheka nyuma yangu. Sijawahi kumsikia akicheka karibu hivyo. Na kila nilipopiga kengele ili tuanze, Wafaransa waliokuwa mbele wakakwepa pembeni, wakidhani nawaomba njia, wakatupungia mkono. Nikaona aibu. Mama akaona raha, akawa anawajibu kila mmoja, "Asante, baba! Asante, mama!"

Saa sita tukafika kwenye kituo. Kulikuwa na mabenchi mawili yaliyopeana migongo, basi Mama akala mkate wake na jibini akitazama mashariki, nami nikala wangu nikitazama magharibi, Priscilla akihama huku na huku na chupa ya maji, akicheka mpaka akashika tumbo. Alisema mtoto anacheza. Mama akaweka mkono pale, akauacha muda mrefu.

Mchana Priscilla akatangulia tena na gari. Tulikuwa tumekwenda kama kilomita saba tulipofika mahali ambapo njia inakatwa na barabara ndogo ya shamba. Kuna vigingi viwili hapo, kama kwenye makutano mengine tuliyoyapita bila kukuta kitu. Safari hii trekta likatokea nyuma ya ua, kubwa, jekundu, likasimama katikati ya njia yetu. Vidole vyangu vyote vilikuwa kwenye breki. Kengele iko mbali na breki, cha kuipigia sikuwa nacho. Ulimi nilikuwa nao. Neno ni moja, simama, hata mtoto analijua. Likafika kwenye meno likagoma. Heshima ya miaka mitano ikalishika. Nikafunga breki kimya kimya, na Mama, ambaye hakuona kitu ila shati langu, akaendelea kukanyaga kwa nguvu zake zote. Baiskeli ikajipinda, ikatutupa kwenye nyasi, mmoja huku, mwingine kule.

Nikainuka nimewaka moto. Nilimtukana mwenye trekta kwa Kiswahili, kwa Kiluhya na kwa Kiingereza cha Woolwich. Alikuwa mzee mwenye kofia, akashika kofia hiyo kifuani akasema pardon, pardon, akaliondoa trekta lake polepole, akaenda zake. Maskini wa Mungu hakuwa na kosa. Niliyekuwa nikimtukana ni mimi.

Mama alikuwa nyuma yangu kwenye nyasi. Nilikuwa nimempa mgongo, naogopa kugeuka. Nikigeuka nitamwona chini, nguo imemkaa vibaya, na hilo si mwiko mdogo.

"Mama," nikaliambia shamba la ngano, "mmeumia?"

Nyasi zikachakacha nyuma yangu.

"Mama, nilishindwa kusema. Neno moja tu nimeshindwa. Mnisamehe."

"Sijaumia." Nikamsikia akijiinua, akikaa, akijipangusa. Kisha akasema, "Mkwe."

Hakuwahi kuniita. Siku zote nilikuwa mume wako, mwambie mume wako, mume wako amekula?

"Naam, Mama."

"Geuka."

"Mama, siwezi. Nitamwambia nini Mzee Makokha?"

"Kaka yangu ana macho yake," akasema. "Mimi yangu yanakwisha. Daktari alisema mwaka, nikamwacha aseme. Lakini mimi ndiye ninayeamka nayo. Mwezi uliopita niliona mlango mzima, sasa naona kitasa. Mtoto atazaliwa Septemba. Sitamwona, Albert."

Nilitaka kusema atamwona, Mungu ni mwema, maneno yale tunayosemaga.

"Wataniwekea mtoto mikononi," akaendelea, "na kila atakayeingia atasema, lo, baba yake mtupu. Nami nitafikiria nini? Nitafikiria mgongo?"

"Picha mnazo, Mama. Za harusi."

"Picha ina kicheko kimoja tu, na hicho umekicheka kwa mpiga picha. Sikiliza. Njia hii naipenda, na Bibi Margaret Mungu amrehemu. Lakini hiki ndicho nilichokuja kutafuta. London nisingethubutu, tungekuwa mbele ya Priscilla, mbele ya majirani, na ile milango yenu. Nilifikiri kwenye njia ndefu isiyo na watu nitapata ujasiri. Tangu asubuhi nautafuta."

Nikafikiri jinsi alivyokuwa amekaa nyuma yangu siku nzima, akitaja ng'ombe, akitaja mizabibu, na neno hili limemkwama kooni kama langu lilivyonikwama mimi. Wote wawili watu wazima, tumeshindwa na neno moja moja. Lisilo budi hutendwa. Nikageuka, nikapiga magoti kwenye nyasi mbele yake.

Na mimi nikamwona. Alikuwa na kidevu cha Priscilla. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, na majani makavu kwenye kitambaa cha kichwa. Macho yake yalikuwa mazuri tu, ya kahawia, huwezi kudhani yana kasoro.

Dirisha lililombakia halikuenea uso mzima. Ilimbidi asogeze kichwa kidogo kidogo, kwenye paji, akashuka kwenye pua, akahamia shavu la kushoto, akarudi la kulia, hana haraka, kama anayesoma barua kutoka nyumbani. Mimi machozi yakaanza.

"Usilie, unauchafua uso," akasema. "Nataka kuuona umetulia."

Nikajipangusa kwa mkono wa shati. Nikatulia.

"Kasirika kidogo."

"Sasa hivi, Mama?"

"Mtoto gani asiyekasirika?"

Nikakunja uso. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

"Sasa cheka."

"Sina cha kuchekea, Mama."

"Cheka hivyo hivyo. Hatakuwa analia na kununa tu maisha yake yote."

Nikacheka. Kwanza kilikuwa kicheko kibaya cha kulazimisha, halafu nikatufikiria tulivyo, mkwe na mama mkwe wameketi kwenye nyasi za Ufaransa na baiskeli imelala ubavu kando yao, kikaja cha kweli. Mama naye akacheka, lakini akakiacha kicheko chake haraka ili akitazame changu.

"Meno ya mbele yana mwanya," akasema taratibu, akijiambia mwenyewe. "Shavu linaingia upande mmoja."

Baiskeli mbili zikapita. Watu wakatusalimu, wakapunguza mwendo waone kama tunahitaji msaada, nikawapungia mkono waende.

"Bado kimoja," Mama akasema. "Funga macho."

"Kwa nini, Mama?"

"Mtoto mchanga hulala sana."

Nikayafunga. Nilisikia akisogea karibu, karibu kuliko mama mkwe yeyote, mpaka pumzi yake ikanigusa usoni. Nilikaa hivyo sijui ni dakika ngapi, jua likinipiga kope, sikutikisika, na sikuyafungua mpaka aliposema, "Basi, mwanangu. Nimemwona."